Pazia la studio na msitu wa Ngezi



Siku hizi karibu kila harusi ya huku kwetu, kaskazini ya Pemba, ina picha moja inayofanana. Bibi harusi amesimama, shela limetandazwa hadi chini, na nyuma yake kuna msitu wa miti mirefu yenye magome mekundu, ukungu umepita katikati. Mashaallah, inapendeza. Magauni mengi yanayosimama mbele ya msitu ule tumeyashona sisi, na picha zake tumezijaza kwenye simu zetu kwa sababu ndizo tangazo la biashara yetu. Mteja akija tunamfungulia: huyu tulimshonea sisi, na huyu, na huyu.

Ila msitu ule ni kitambaa. Kimetundikwa kwa vibanio kwenye bomba la chuma, na ukitazama vizuri chini kulia utaona mkunjo haujapigwa pasi. Sisi mafundi mkunjo ule unatuwasha macho kila tukiuona.

Mwaka huu mtoto wa mmoja wetu, yuko kidato cha pili, alituuliza: mama, huku ni wapi? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeitazama miti ile miaka mitatu bila kujiuliza ni ya wapi. Mtoto akaipiga picha, akaitafuta mtandaoni, na jibu likaja haraka: ni miti ya pwani ya California, Marekani. Wenyewe huiita miti myekundu. Ndiyo miti mirefu kuliko yote duniani, iliyo mirefu zaidi inapita mita 115, na mingine ina umri unaozidi miaka 2,000. Ukisema ilikuwepo kabla ya kuzaliwa Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, hukukosea.

Tukasema subhanallah, tukarudi kwenye cherehani. Halafu mmoja wetu akauliza swali ambalo ndilo limetufanya tuandike makala haya. Alisema, jamani, na Ngezi je?

Kwa wasomaji wetu wa Unguja na bara, Ngezi ni msitu wa asili ulioko kaskazini magharibi ya Pemba, baada ya Konde, njia ya kuelekea ufukwe wa Vumawimbi na Ras Kigomasha. Una zaidi ya hekta 1,400. Zamani sehemu kubwa ya upande huu wa kisiwa ilikuwa msitu kama ule. Zikaja karafuu wakati wa Masultani, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Miti ya asili ilikatwa kupisha mikarafuu, migomba na mihogo. Hatulaumu, kwa sababu karafuu ndizo zilizotusomesha. Kilichobaki ndiyo Ngezi, na hata humo palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao.

Kutoka Konde ni kilomita chache tu. Sisi ni watano, wote tumezaliwa na kukulia kaskazini ya Pemba. Tulipohesabu nani amewahi kuingia, alikuwa mmoja, tena alipelekwa na skuli akiwa darasa la sita na anachokumbuka ni kuumwa na siafu. Wanne waliobaki tulikuwa tumepita barabarani ndani ya gari tukienda kuogelea Vumawimbi siku ya Idi. Msitu wa Marekani tuliuona kila wiki, na wa kwetu tulikuwa tumeuona kwenye kioo cha gari.

Basi tukapanga Jumapili, maana Ijumaa hatufungui mapema na Jumamosi ndiyo siku ya wateja kuja kupima. Tulikodi gari moja, tukachukua maji, maandazi, mkeka, simu tano na kamera moja ya kuazima. Tulilipa kiingilio kwenye ofisi ya msitu, tukapewa kijana wa kututembeza. Alitushangaa kidogo. Alisema wageni wa kizungu anao, wanafunzi anao, lakini akina mama wa hapa hapa waliokuja na nauli yao wenyewe kupiga picha miti, hao hakumbuki lini mara ya mwisho.

Tusiwadanganye, picha za mwanzo zilikuwa mbaya. Msituni kuna giza hata saa nne asubuhi. Jua linapenya kwa vitone vitone, na simu haijui ifuate kipi, kitone au kivuli, kwa hiyo unapata picha yenye madoa meupe kama nguo iliyoingia jiki. Wawili wetu walivaa baibui jeusi, na kwenye picha walipotea kabisa, wamebaki uso na mikono inaelea. Tulicheka hadi kijana wa watu akaona aibu.

Tulichojifunza ni hiki, na tunawapa bure. Subirini wingu. Likipita wingu juu ya msitu, mwanga unakuwa laini, kijani kinatoka chote, na magome yanaonekana mistari yake. Gusa kioo cha simu mahali penye mwanga, halafu punguza mwanga kwa kidole hadi meupe yatulie. Futa lenzi kwa ncha ya kanga kabla ya kila picha, maana unyevu wa mle unaifanya iwe na ukungu. Na ukitaka mti uonekane ukubwa wake, mweke mtu. Bila mtu, mvule wa Ngezi kwenye picha unaweza kudhani ni mwembe wa uani. Tulimsimamisha mwenzetu mmoja aliyefunga kanga ya manjano chini ya mvule, sisi tukarudi nyuma, tukarudi tena, hadi migongo ikagusa mti mwingine. Alitokea mdogo kama pini. Hiyo ndiyo picha tuliyoipenda kuliko zote.

Mmoja wetu hatembei bila futi yake, hata harusini anayo kwenye mkoba. Futi ya fundi ina sentimita 150. Tulimzungushia mvule ule kifuani, pale tunapompima mteja, ikabidi tuweke alama na kuendelea: futi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado ikabaki shubiri na zaidi. Kijana anayetutembeza akatuambia mti huo babu yake aliukuta mkubwa hivyo hivyo.

Tukaoneshwa na mjoho, mti ulionyooka kama mlingoti. Tukaoneshwa mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni hapa hapa Pemba, na majani ya miwale kwenye sehemu yenye maji, marefu kuliko mlango wa nyumba. Sisi tunaofanya kazi na rangi tulitulia pale kwenye miwale muda mrefu. Dukani tukiagiza kitambaa cha kijani tunataja rangi tatu: kijani kibichi, kijani cha jeshi, kijani cha bahari. Pale tulihesabu tukaacha. Kuna kijani cha jani jipya ambacho kinakaribia kuwa chekundu. Tumerudi na picha kumi na moja za majani tu, na mbili kati yake tumeshazipeleka kwa muuza vitambaa kumwonesha rangi tunayoitaka.

Popo tuliwaona kwa mbali. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani, na mbawa zake zikikunjuliwa zinafika karibu mita 1.6, urefu wa mtu. Wazee wetu walimla. Waliwindwa hadi wakakaribia kumalizika kabisa, na walipolindwa, kwa jitihada za watu wa vijiji kama Kidike, wakaongezeka tena. Kijana alitukataza tusisogee. Popo akirushwa mchana anachoka bure, na mwenye mtoto anaweza kumwangusha. Tulitaka sana ile picha ya wote wanaruka pamoja, tumeiona kwa watu. Hatukuipata, na sasa tukiiona picha ya namna hiyo iliyopigwa mchana tunajiuliza nani alipiga makofi.

Adhuhuri ikatukuta mle. Tulitia udhu kwa maji tuliyobeba, tukatandika mkeka. Pemba, kwa wasiojua, Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu, kwa hiyo huhitaji hesabu nyingi, uliza tu kaskazini ni wapi. Wengi wetu tumeisoma Suratul-Hajj na tunajua miti imetajwa humo miongoni mwa vinavyomsujudia Mwenyezi Mungu. Kuisoma chini ya feni ni kitu kimoja. Tulipoinua vichwa kutoka sijda tukaiona imetuzunguka, hakuna aliyesema neno kwa muda. Hatukupiga picha wakati ule. Hakuna aliyekumbuka simu.

Tuliporudi na kuonesha picha, maneno yakaanza, na hapa ndipo tunapotaka kusema yetu.

Neno la kwanza lilikuwa la dini. Shangazi wa mmoja wetu, mtu mwenye elimu yake, alisema picha ni haramu, mnajisumbua nini. Hatujadharau. Masheikh wetu wamehitilafiana kuhusu picha za kamera, wapo wanaozikataza na wapo wanaoziruhusu, na kila mtu afuate anayemwamini. Lakini tulimkumbusha shangazi, kwa adabu, kuhusu mtu aliyemwendea Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake, akamwambia kuwa anaishi kwa kazi ya kutengeneza picha. Ibn Abbas alimwonya, kisha akamwelekeza kama hana budi basi afanye picha za miti na visivyo na roho. Tukamwambia, shangazi, katika picha zote zilizo kwenye simu zetu, hizi za majani ndizo zenye salama zaidi. Alicheka, akasema, ya mvule mnitumie.

La pili lilikuwa la mizimu. Ngezi ina mahali ambapo watu huenda kwa mambo yao, na sote tumelelewa kwa kuambiwa usiingie, usiite jina la mtu mle, usiokote kitu. Sisi ni Waislamu, hofu yetu tunaiweka kwa Mola wetu, na tunasoma adhkari zetu asubuhi na jioni. Msitu ni kiumbe wa Allah, wala haumilikiwi na jini. Lakini tuseme kweli yote. Hofu ile ile tunayoikataa huenda ndiyo iliyobakisha miti mingi mle kuliko sheria. Mtu ambaye haogopi askari wa misitu aliogopa mzimu, panga likarudi nyumbani. Sasa sisi tunaowafundisha watoto wasiogope mizimu, tunawapa nini badala yake? Ukimwondolea mtoto hofu na usimpe mapenzi, umemfungulia panga. Kwa maoni yetu ndiyo maana inapasa awe ameingia, ameshika gome, ameuona ule mvule. Mtoto wa skuli hukumbuka siafu, sawa, hata siafu ni mwanzo.

La tatu lilitoka kwa wanaume wa barazani, nalo mnalijua: mwanamke anatafuta nini porini? Tulikwenda watano, mchana, kwa ruhusa za nyumbani, tukiwa na mtembezaji, tukarudi kabla ya Alasiri. Mabibi zetu walikuwa wakiingia mle kutafuta dawa, kuni na majani, na hakuna aliyewauliza. Swali limeanza sisi tulipokwenda kutazama tu. Tumelijibu, na hatutalirudia.

Lakini neno lililotukaa moyoni halikusemwa na mtu wa baraza. Tulikuwa tunatoka, karibu na mashamba, tukakutana na bibi mmoja ana mzigo wa kuni kichwani. Jua lilikuwa nyuma yake, vumbi limemzunguka kama dhahabu, kanga yake imepauka rangi ile ambayo hata kiwandani hawawezi kuitengeneza. Mmoja wetu alipiga kabla hajafikiri. Ilitoka picha, wallahi, ya kuweka kwenye jarida.

Bibi akasimama. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu, "Wanangu, mumenipiga?" Tukasema ndiyo. "Basi ifuteni. Watu wakiiona watasema bibi fulani anakata msitu."

Hatukumuuliza kuni kazitoa wapi. Haikutuhusu, na pale alipokuwa palikuwa nje. Lakini tulimwelewa mara moja. Katika picha, kuni hazina maelezo. Mtazamaji haoni kama ni za mkarafuu uliokauka shambani kwake. Anaona msitu nyuma, anaona mzigo, anamaliza. Tuliifuta mbele yake, tukamfungulia hadi pale zinapobaki picha zilizofutwa, tukaondoa na huko. Tukampa maandazi, akatuombea dua ndefu kuliko tulivyostahili.

Aliyeipiga bado inamuuma. Alisema, ningeificha sura tu. Tukabishana njia nzima hadi Konde. Wengine tulisema kanga ile wanaijua kijiji kizima, sura si kitu. Na mmoja wetu akatukumbusha habari ya mama yake, mkulima wa mwani, aliyeinama baharini na nguo zimemrowana, akapigwa picha na mgeni asiyemjua, na mwaka mmoja baadaye picha ile ikauzwa kama kadi kwenye duka la watalii. Mama yule hakupewa hata nakala. Akaacha kwenda mwani kwa wiki mbili kwa aibu, wakati bei ilikuwa nzuri. Sisi ndio tunaolalamika tukifanyiwa hivyo na wageni. Tukishika kamera wenyewe, tusiwe wageni kwa wenzetu.

Kuna jambo jingine tumelisoma kuhusu ile miti ya pazia, na linatuhusu. Mrefu kuliko yote California una jina, unaitwa Hyperion, ulipatikana mwaka 2006. Wakuu wa hifadhi hawakutangaza ulipo. Watu wa mtandaoni wakautafuta, wakautoa, wakaanza kumiminika kupiga picha nao. Hakuna njia ya kuufikia, kwa hiyo wakakanyaga majani na mizizi, wakaacha takataka na zaidi ya takataka, hadi mwaka 2022 wakuu wa hifadhi wakafunga eneo lile. Ukikamatwa, faini inafika dola 5,000 na jela miezi sita. Mti umesimama karne na karne, umeshinda moto na dhoruba, halafu unataabishwa na watu wanaosema wanaupenda.

Kwa hiyo sisi picha zetu za Ngezi tunazionesha, lakini hatusemi mvule ule uko wapi hasa, na popo hatutaji hata upande. Mtu akituuliza tunamwambia nenda ofisini, lipa kiingilio, utatembezwa. Na tunapita njia iliyopo. Mwenzetu mmoja alitaka kuingia ndani kidogo apate picha nzuri ya bundi aliyemsikia, labda ndiye yule bundi mdogo wa Pemba, mmoja wa ndege wanne ambao hawapatikani kwingine ila hapa. Tukamvuta baibui.

Baada ya kusema hivyo, wapo wanaotuambia basi msitangaze kabisa, mtawaleta watu. Hapa hatukubaliani nao. Watu walioimaliza miti ya asili ya kisiwa hiki hawakuletwa na picha. Ilikatwa kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitazama. Hata huko California, miti ya zamani iliyobaki ni kama asilimia 5 tu ya ile iliyokuwepo, iliyobaki yote ilipasuliwa mbao. Na mnajua ni akina nani walikuwa mstari wa mbele kupiga kelele? Mwaka 1919 akina mama wa wilaya ya Humboldt walianzisha chama chao cha kuiokoa miti ile. Kuna picha yao ya zamani: wamepanda gari, kofia vichwani, na mabango yanasema iokoeni miti. Kiongozi wao aliitwa Laura Perrott Mahan, naye alikuwa mchoraji. Mwaka 1924 yeye na mumewe walikwenda wenyewe msituni, Dyerville, kuzuia miti isikatwe, na sehemu ile leo ni hifadhi ya serikali. Wake wa watu, wenye nyumba na watoto, na pengine nao waliulizwa wanatafuta nini porini.

Bila ya akina mama wale huenda hata lile pazia la studio lisingekuwepo. Tumeliangalia kwa jicho jingine tangu tusome hayo, hatulichukii tena.

Tunaloliona sisi ni kwamba akina mama wa visiwani tumejifunza kupiga picha vizuri sana, lakini tunapiga vitu vitatu: nguo, chakula na sherehe. Hayo ni yetu na yanatuletea riziki, tusiyaache. Lakini kisiwa chenyewe tumewaachia watu wa hoteli wakipige. Ukitafuta picha za Pemba mtandaoni utakuta maji ya bluu, ngalawa, na mgeni amelala kwenye kiti. Wenzetu wa Unguja nao ni hivyo hivyo, wana Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, kima punju wake hawapatikani nje ya Zanzibar, na daladala inapita mlangoni. Muulizeni dada yeyote wa mjini ana picha ngapi za Forodhani na ngapi za Jozani.

Na tuna sababu ya haraka. Tulipotoka Ngezi tulipita sehemu ambayo yule mwenzetu wa darasa la sita aliikumbuka kuwa na kivuli hadi barabarani. Leo jua linapiga. Alibishana na kijana wa msitu, kijana akasema haikuwa hivyo, yeye akasema ilikuwa. Hakuna aliyeweza kumaliza ubishi kwa sababu hakuna mwenye picha. Katika watoto arobaini waliopelekwa siku ile, na walimu wao, haikubaki hata picha moja ya miti. Ipo moja ya darasa zima mbele ya kibao, miti imekatwa juu na fremu.

Tumeanza basi, sisi watano. Tumechagua sehemu sita za njia ile, na tumekubaliana kila baada ya masika na kila baada ya vuli twende tupige sehemu zile zile, tumesimama pale pale, na aliyefunga kanga ya manjano awe yule yule akiwa hai na afya, inshaallah. Picha tunazihifadhi mahali pawili, tarehe imeandikwa. Kama kuna wasomaji wetu wenye picha za zamani za Ngezi kwenye masanduku ya wazazi, hata kama mtu mwenyewe ameziba nusu ya mti, tuandikieni. Tutaipiga nakala na kuirudisha ndani ya bahasha, hatutaichukua.

Mwezi uliopita tulimwendea mwenye studio. Tulimpelekea ile picha ya mvule, tukamwomba aichapishe kitambaa cha ukubwa wa pazia, gharama tugawane. Alitazama kwa muda. Akasema ni picha nzuri, lakini wateja wanataka nchi za nje. Tukamwambia mtoe basi yule aliyefunga kanga, abaki mti peke yake, halafu usiwaambie ni wapi. Akacheka, akakubali kwa sharti kwamba pazia la Marekani libaki palepale na letu litundikwe pembeni.

Limefika Jumatano. Tumelishona ukingo wenyewe, tukalipiga pasi mara mbili. Ijumaa aliingia bibi harusi wa Tumbe, akatazama yote mawili, akauliza letu ni nchi gani. Mwenye studio akasema hajui, waulize hawa mafundi. Tukamwambia ni nyuma ya kwao, dakika chache kwa gari. Hakuamini. Alisimama mbele ya lile jekundu, kama wote. Alipomaliza, akamwita mama yake, akavua viatu vya kisigino, akasema, "Mama, tupige na hili moja."